Darubini ndogo ya kupiga picha za nebula: pesa iende wapi?

Sanduku la darubini ya bei rahisi huwa na maandishi makubwa ubavuni: inakuza mara 525. Ndani yake mna tyubu yenye kipenyo cha milimita 60 na stendi ya miguu mitatu inayotikisika ukiigusa tu. Kanuni wanayoijua wapenzi wote wa nyota ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo tyubu hiyo ikifika mara 120 imefika mwisho, na kinachoongezeka baada ya hapo ni ukungu. Kwa mtoto anayetaka kuona mashimo ya Mwezi bado ni zawadi nzuri. Kwa mtu anayetaka kupiga picha za nebula na galaksi, namba ile haimsaidii hata kidogo. Kwenye picha linaloulizwa ni kipande gani cha anga kinaingia kwenye sensa, mwanga kiasi gani unakusanywa, na kama kifaa kitaweza kuifuata nyota dakika nzima bila kuyumba.

Wengi hudhani vitu vya mbali ni vidogo, hivyo vinahitaji darubini kubwa. Vingi ni vipana ajabu, ila ni hafifu. Nebula ya Orion, iliyo chini ya zile nyota tatu za mkanda wa Jabari, ina upana wa nyuzi 1 na zaidi, yaani Miezi mipevu miwili ikikaa bega kwa bega. Nebula ya Carina, ambayo wenzetu wa Ulaya hawaioni kabisa, ina kama nyuzi 2. Kilimia kinakaribia hapo hapo. Galaksi ya Andromeda ina nyuzi 3, na Wingu Kubwa la Magellan linafika 10. Darubini kubwa yenye urefu wa fokasi wa milimita 2,000 ikiielekea Andromeda itakupa kitovu tu. Kamera ya kawaida yenye sensa ya APS-C ikifungwa kwenye tyubu ya fokasi 420 inachukua anga la nyuzi 3.2 kwa 2.1. Ukishuka hadi fokasi 250, unapata 5.4 kwa 3.6. Hapo ndipo tyubu fupi za lenzi, za milimita 50 hadi 80, zinapopata heshima yake.

Niliyoijaribu ni ya aina inayouzwa sana duniani: kipenyo milimita 72, fokasi 420, lenzi ya vioo viwili, kimoja kikiwa cha ED. Herufi hizo ndizo unazolipia. Kioo cha kawaida hukusanya rangi ya buluu mahali tofauti kidogo na nyekundu, na matokeo yake kila nyota kali huvaa duara la zambarau. Darubini za bei ya chini za vioo viwili vya kawaida, zinazoitwa akromati, hupunguza kasoro hiyo bila kuimaliza. Jicho husamehe, kamera haisamehi. Kioo cha ED hupunguza tofauti ya rangi zaidi, na kile kilicho bora, mfano FPL-53 cha kampuni ya Ohara ya Japani, hutajwa kwa jina kwenye maelezo ya bidhaa. Muuzaji akiandika ED bila kutaja ni kioo gani, muulize.

Jaribio la kwanza ni nyota kali. Nilielekeza kwa Shira, kisha Suheli, nikapiga picha za sekunde chache na kuzikuza kwenye kompyuta. Kwenye Shira palibaki duara jembamba la buluu. Kwenye nyota za kawaida hapakuwa na kitu. Kwa bei yake hilo linakubalika. Anayetaka usafi kamili anunue lenzi ya vioo vitatu na ajiandae kulipa karibu mara mbili.

Jaribio la pili ndilo wauzaji hawalitaji: pembe za picha. Katikati nyota zilikuwa vidoa safi, lakini kadiri unavyoelekea pembeni ziligeuka punje za mchele, zote zikielekea katikati. Tyubu haina ubovu. Lenzi ya namna hii hutoa picha iliyopinda, na sensa ni bapa. Dawa yake ni lenzi ndogo ya kunyoosha picha inayofungwa kati ya tyubu na kamera, nayo mara nyingi huuzwa peke yake kwa dola 150 hadi 200. Nyingi zinadai umbali wa milimita 55 kutoka kwenye lenzi hiyo hadi kwenye sensa, bila mchezo. Kwa mwenye Canon ya zamani yenye kioo ndani mambo ni mepesi: umbali wa ndani wa kamera ni milimita 44, pete ya kuunganishia ni 11, jumla 55. Kamera mpya zisizo na kioo zinahitaji pete ndefu zaidi. Ukikosea, nyota zitakuambia: zikinyooka kuelekea katikati, kwa kawaida umbali ni mfupi, zikizunguka katikati, umbali umezidi.

Kuna darubini ndogo zinazokwepa tabu hii kwa kuweka lenzi nne ndani ya tyubu moja. RedCat 51 ya William Optics, yenye fokasi 250, ndiyo maarufu zaidi katika kundi hilo. Unafunga kamera, unafokasi kwa kuzungusha pete, unapiga. Bei yake imekuwa kati ya dola 700 na 900 kulingana na toleo. Ukijumlisha tyubu ya 72 kwa dola 450 na lenzi ya kunyoosha kwa 180, tofauti si kubwa kama inavyoonekana dukani. Kwa anayependa nebula pana za kusini ningechagua ya 250. Ya 420 inamfaa anayetaka galaksi kidogo, Mwezi, na siku moja moja kuchungulia kwa jicho, jambo ambalo tyubu za picha tupu hazilipendi.

Sasa tuje kwenye kinachokula pesa.

Kwa fokasi ya 420 na pikseli za kamera ya kawaida, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga huhama pikseli kama nane kwa sekunde moja. Bila mtambo wa kuifuata, hupati picha, unapata mistari. Mtambo wa kawaida wa picha una mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, kisha unazunguka taratibu kinyume cha mzunguko wa Dunia. Mfano unaonunuliwa sana na wanaoanza ni Star Adventurer GTi wa Sky-Watcher, unaobeba kilo 5 na kutafuta nyota wenyewe, kwa takriban dola 600 hadi 700. Vitabu na video nyingi husema: ilenge Nyota ya Kaskazini kwa kitundu cha kulengea, kazi imekwisha.

Nyota ya Kaskazini huku kwetu haipo. Kimo cha ncha ya anga juu ya upeo ni sawa na latitudo yako, basi kwa Dar es Salaam ncha ya kusini iko nyuzi 6.8 juu ya upeo, Mombasa 4, Arusha 3.4, Nairobi 1.3. Kampala, iliyo kaskazini kidogo ya ikweta, ina ncha ya kaskazini kwa sehemu ya tatu ya nyuzi moja tu, maana yake imelala chini kabisa. Nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata katika anga safi inakuwa kazi kuiona kwa jicho. Ishushe hadi nyuzi 6, weka mbele yake minazi, vumbi na taa za jirani, kisha ujaribu kuilenga. Kile kitundu cha kulengea ulichokilipia kitakaa bure.

Na hapo bado hatujafika kwenye chuma chenyewe. Mhimili unaoelekea nyuzi 4 juu ya upeo umelala karibu bapa, na mitambo mingi imechorwa na watu wanaoishi latitudo 40 au 50. Kwingine skrubu ya kuinamisha haifiki chini kiasi hicho. Kwingine inafika, lakini fimbo ya uzani wa kusawazisha inagonga mguu wa stendi kabla nyota hujaifikia. Kabla ya kulipa, soma kipimo cha latitudo cha mtambo husika. Kama kinaanzia 20, achana nao hata ukipewa punguzo. Kama kinaanzia sifuri, uliza pia kuhusu ile fimbo. Kipande cha bomba kinachoinua mtambo juu ya stendi husaidia mara nyingi.

Kulenga bila kuiona ncha kunawezekana, tena bure, kwa mwenye kompyuta ndogo. Programu ya N.I.N.A. ina nyongeza inayopiga picha tatu mahali popote penye anga wazi, inatambua nyota zilizomo, inahesabu mhimili umekosea kwa kiasi gani, halafu inakuongoza kuusogeza huku ukiangalia namba zikipungua. Hii ndiyo sababu bajeti ya mtu wa ukanda wa ikweta haina budi kuwa na kompyuta uwanjani, kitu ambacho mwenzake wa Ujerumani anaweza kukiahirisha.

Tuhesabu basi, kwa bei za maduka ya nje, kabla ya usafiri na kodi. Tyubu 450, lenzi ya kunyoosha 180, mtambo 650. Kamera ya nyota yenye kipoozeo, 800. Darubini ndogo na kamera ya kuongoza mtambo, 250. Kikompyuta cha kuendesha vyote, 200, filta, 200, betri na nyaya, 120. Jumla dola 2,850, na tyubu uliyoitamani haifiki hata sehemu ya sita. Mwenye kamera yake na kompyuta ya zamani anaweza kuanza kwa 1,280, yaani tyubu, lenzi ya kunyoosha na mtambo, akavumilia mengine. Kuna jambo moja la kujua hapo. Kamera za kawaida zina filta ya kiwandani inayozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa hidrojeni, ule wa nanomita 656.3, ambao ndio rangi ya nebula ya Carina. Nebula itatoka, lakini imefifia. Kilimia, Omega Centauri na Mawingu ya Magellan haviathiriki sana.

Upande wa pili wa mizani kuna kitu kilichovuruga soko zima: darubini zinazoendeshwa na simu. Seestar S50 ya ZWO ilitoka mwaka 2023 kwa dola 499. Ni kisanduku cha kilo 2.5 chenye lenzi ya milimita 50, fokasi 250, kamera, betri, filta ya taa za mjini na mkanda wa kupasha lenzi joto, vyote ndani. Unakiweka mezani, unachagua kitu kwenye simu, kinajitafutia mahali kilipo, kinafokasi, kinapiga picha za sekunde 10 moja baada ya nyingine na kuzilimbika mbele ya macho yako. Mdogo wake, S30, ana lenzi ya milimita 30, fokasi 150, na bei ya karibu dola 350 hadi 400. Dwarf 3 iko katika tabaka hilo hilo.

Wapigapicha wa zamani huvidharau visanduku hivi, na sababu wanazo. Sensa ya S50 ina pikseli 1,080 kwa 1,920, yaani milioni 2 tu. Ukichapa kwa ubora wa jarida unapata picha ya sentimita 16 upande mrefu. Kipande cha anga ni nyuzi 0.7 kwa 1.3, hivyo Carina haienei bila kuunganisha picha kadhaa. Kikiharibika ubao wa ndani, umebaki na kizuia karatasi. Tyubu ya lenzi ikitunzwa itakaa miaka 20 na utaifungia kamera yoyote itakayokuja.

Lakini kwa ikweta kisanduku hiki kina faida ambayo wanaokipima Ulaya hawaitaji. Hakihitaji ncha ya anga. Kinakwenda juu na chini, kushoto na kulia, basi. Gharama yake ni kwamba picha huzunguka taratibu kadiri nyota zinavyosogea, na mzunguko huo unategemea unatazama wapi. Mashariki na magharibi haswa, kwa mtu wa ikweta, karibu haupo. Kaskazini na kusini ni mkali. Carina ikiwa juu ya kusini mwa Dar es Salaam, kimo chake nyuzi 37, picha inazunguka kama nyuzi 18 kwa saa. Kwa sekunde 10 hilo ni pikseli moja tu kwenye pembe, huoni kitu. Kwa sekunde 30 ni tatu, na nyota za pembeni zinaanza kurefuka. Kwa hiyo ukitazama kusini baki kwenye sekunde 10, na Orion ipige ikiwa bado inapanda mashariki, kwa sababu huku kwetu inapita karibu na utosi, na pale utosini vifaa vya namna hii huhangaika.

Siku hizi programu yake inaruhusu kukiinamisha ili kifuate mhimili wa Dunia na kupiga picha ndefu zaidi. Kwa latitudo ya 50 kinainama kidogo. Kwa Mombasa kinalala ubavu kabisa juu ya stendi nyepesi. Mimi nisingejaribu bila stendi nzito na mfuko wa mchanga chini yake.

Njia ya tatu ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na sioni kwa nini inasahaulika. Kamera unayo? Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 hupatikana kwa dola 125 hivi, na mtumba kwa chini ya hapo. Iweke kwenye stendi imara, piga picha za sekunde 4 au 5, mia mbili au zaidi, kisha zilimbike kwenye Siril au DeepSkyStacker, programu ambazo zote ni za bure. Kulimbika picha 100 hupunguza chenga mara kumi. Wingu Kubwa la Magellan, Salibu na lile wingu jeusi lililo kando yake, na kitovu cha Njia Nyeupe kwenye Nge na Mshale vyote vinatoka vizuri hivyo. Ukichoka na sekunde 5 ndipo ununue mtambo, na mtambo huo huo utakuja kubeba tyubu.

Nikiulizwa, basi: mwenye kamera aanze na lenzi yake, asiye na kamera achukue S50 au S30, tyubu ya 72 na mtambo wake ni vya mtu ambaye tayari ameshapiga mamia ya picha na anajua kabisa kinachomkera. Dola 2,850 kwa mara ya kwanza sizishauri kwa yeyote. Afadhali uanzie kwenye tukio la wazi la kutazama nyota. Nairobi kuna Travelling Telescope ya Susan Murabana, inayozungusha darubini mashuleni na kwa umma, na Tanzania Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ameelimisha watu kuhusu anga kwa miaka mingi. Ukishachungulia kwa macho yako utajua kama unataka kutazama au kupiga picha. Ni mapenzi mawili tofauti, na vifaa vyake ni tofauti.

Bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni. Kodi hupigwa juu ya jumla ya bei, usafiri na bima, siyo bei peke yake. Kifaa cha dola 500 kikisafirishwa kwa 80 kinahesabiwa 580, na VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 peke yake ni dola 104. Kenya, kwa asilimia 16, ni 93. Ushuru wa forodha, ukiwepo, huongezwa kabla ya VAT, halafu kuna wakala. Darubini ziko kwenye fungu 90.05 la orodha ya forodha; mpe wakala namba hiyo akuambie kiwango kabla hujalipa chochote. Ankara iandike wazi kuwa ni darubini ya kutazamia nyota, isije ikadhaniwa ni ya kufungwa kwenye bunduki. Ukimwagiza ndugu anayerudi kutoka Dubai au Muscat, mkumbushe kwamba betri za lithiamu za akiba zinapanda ndege kwenye begi la mkononi, na zinazozidi saa-wati 100 zinahitaji ruhusa ya shirika.

Kalenda nayo ni gharama. Carina inakuwa juu kabisa saa tatu usiku katikati ya Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, hivyo itafute Februari baada ya saa saba usiku au Juni mara giza linapoingia. Kati ya Juni na Septemba ndipo pesa yako inapofanya kazi. Ufukweni, usiku wa giza la mwezi ndio huo huo wa wavuvi wa dagaa, na karabai zao huwasha upeo mzima wa bahari. Chagua upande mwingine wa kutazama. Na mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema, kwa sababu mtu mwenye bomba na taa nyekundu saa nane usiku huhitaji maelezo.

Adui mkubwa wa lenzi pwani ni unyevu. Usiku kioo hulowa umande ndani ya saa moja, kwa hiyo mkanda wa joto wa dola 20 au 30 ni wa lazima, na Seestar inao tayari. Baada ya kazi, acha tyubu ikauke kwanza, kisha ifungie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika. Kabati la nguo halifai. Ukinunua mtumba, nenda na tochi. Zima taa, mulika kutoka upande wa kamera huku ukitazama lenzi ya mbele kwa pembe. Vumbi kidogo lisikutishe, na mkwaruzo mmoja hauonekani kwenye picha. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zilizotawanyika ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Inakula utando wa juu wa kioo, na fundi akiifuta alama zake zinabaki. Mrudishie mwenyewe, hata kama amekupunguzia nusu.